Tumezaliwa Ufuoni, Lakini Bahari Twaijua?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na ndugu yetu mmoja katika kikao cha vijana. Ameyaandika upya ili nawe usiyehudhuria upate kuyasoma.)



Niliombwa nizungumze juu ya matembezi ya siku moja, kwa sababu kila mwaka Idi ikikaribia vijana huulizana: mara hii twende wapi? Na jawabu huwa ni lile lile. Tutakodi matatu, tutachukua biriani kwenye sufuria, tutakwenda ufuoni, tutapiga picha, tutarudi jioni miguu imejaa mchanga. Si vibaya. Mimi mwenyewe nimekwenda mara nyingi na picha ninazo. Lakini leo nataka kukusimulia juu ya matembezi mengine, niliyoyafanya mbali na kwetu, yakanirudisha kwetu kwa njia ambayo sikuitarajia.

Kabla ya hapo nikuulize swali moja, na ujijibu mwenyewe kimoyomoyo. Wewe uliyezaliwa Mombasa, Lamu, Kilifi au Vanga, umewahi kutia uso wako ndani ya maji na kufungua macho? Sisemi kuogelea bandarini na wenzako. Nasema kutazama. Wengi wetu twaijua bahari kwa juu tu, kama mtu anayejua nyumba ya jirani kwa kuona bati lake.

JUMAMOSI YA MVUA

Mwaka 2016 nilikuwa masomoni Cape Town, Afrika Kusini. Idi ya mwaka ule iliangukia mapema mwezi wa Julai, na Julai kule ni kipusa, baridi na mvua ya upepo. Tulikuwa Waswahili wanne: mimi wa Malindi, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Unguja, na mmoja wa Nairobi ambaye kila mara alikuwa akitukumbusha kuwa babu yake alitoka Siyu. Idi tulisali Bo-Kaap, ule mtaa wa Waislamu wa zamani wenye nyumba za rangi rangi ulio kwenye mteremko juu ya mji. Jumamosi iliyofuata tukasema tutoke. Tulitaka kupanda mlima, lakini mlima wenyewe ulikuwa umevaa kilemba cha mawingu hauonekani. Ndipo yule wa Nairobi akasema, "Twendeni tukaone samaki."

Tukamcheka. Watu wa pwani walipe pesa kwenda kuona samaki! Yule wa Unguja akasema kwao Darajani huona samaki bure kila asubuhi, na akitaka humnunua akaenda naye nyumbani. Lakini mvua haikutupa nafasi ya kuchagua. Tukashuka hadi bandarini, mahali paitwapo Waterfront, tukaingia kwenye jumba liitwalo Two Oceans Aquarium, yaani akwariamu ya bahari mbili. Lilifunguliwa Novemba 1995. Limeitwa hivyo kwa sababu ncha ile ya Afrika ina bahari mbili: upande wa magharibi Atlantiki yenye mkondo wa baridi wa Benguela, na upande wa mashariki bahari yetu ya Hindi, yenye mkondo wa maji moto uitwao Agulhas.

Sikiliza vizuri hapo, kwa maana baadaye itakufaa: mkondo ule wa Agulhas huteremka kutoka huku juu. Sehemu ya maji yake hupita katika mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Bukini. Kwa hiyo maji niliyoyakuta kule hayakuwa ya wageni kabisa.

SOKONI AU DARASANI?

Nikwambie ukweli, nusu saa ya mwanzo tulikuwa kama tuko soko la samaki. Tangi la kwanza la samaki wa Bahari ya Hindi, yule wa Unguja akaanza: "Huyu wa kupaka. Huyu wa mchuzi wa nazi. Huyu mwache, ana miba." Wa Mombasa naye akikadiria kilo. Watoto wa Kizungu waliokuwa karibu walitutazama bila kuelewa tunacheka nini.

Lakini taratibu kicheko kikapungua. Kulikuwa na pweza mmoja kwenye pango la kioo. Mimi pweza nimempiga juu ya mwamba tangu nina miaka saba, ili alainike. Sikuwahi kumuona akibadilisha rangi. Huyu alikuwa kahawia, akapita juu ya jiwe jeupe, akawa mweupe na vipele vyake vikaumuka kama jiwe lenyewe, kisha akanitazama. Pweza ana mioyo mitatu na damu yake ni ya buluu. Nilikuwa nimekula mia, sikujua hata moja katika hayo.

Tukapita kwenye msitu wa mwani. Usifikirie mwani tunaoujua sisi, ule unaotandazwa juani. Huu ni mirefu kama minazi, mashina yamesimama ndani ya maji kutoka chini hadi juu, na majani yanayumba pamoja kama shamba la mtama linapopigwa na upepo. Wameacha juu wazi ili jua liingie, na kuna mtambo unaoyatikisa maji kila wakati, kwa kuwa mwani ule hauishi katika maji yaliyotulia. Samaki wa fedha walikuwa wakipita katikati ya mashina hayo kwa makundi, wote wakigeuka mara moja kana kwamba kuna aliyewaamrisha.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Wewe unayependa kujua mambo yanavyotendeka, sikiliza. Kuweka samaki kwenye tangi si kazi ndogo. Samaki hutoa uchafu wenye amonia, na amonia ni sumu yao wenyewe. Baharini uchafu ule huenda na maji. Kwenye tangi lazima maji yapite kwenye machujio ambamo hufugwa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu vya kwanza huigeuza amonia kuwa kitu kingine, vya pili hukigeuza hicho tena, mpaka sumu inapungua nguvu. Tangi jipya likitiwa samaki wengi siku ya kwanza, kabla vijidudu hivyo havijazaana, samaki hufa hata maji yakiwa meupe pe pe pe. Kwa hiyo usafi wa macho si usafi wa maji.

Na kile tunachokiita kioo, katika matangi makubwa si kioo. Ni akriliki, aina ya plastiki ngumu, kwa sababu kioo cha unene ule kingekuwa kizito mno na kingetia rangi ya kijani. Wengi wenu mna jamaa Dubai na wamewaletea picha za akwariamu ya Dubai Mall, iliyofunguliwa mwaka 2008. Tangi lile lina maji lita milioni 10, na dirisha lake lina upana wa karibu mita 33, urefu wa zaidi ya mita 8, na unene wa sentimita 75. Unene wote huo, lakini waona ndani kama hakuna kitu.

Haya mambo yalianza zamani. Nyumba ya kwanza ya samaki iliyofunguliwa kwa umma ilikuwa London mwaka 1853, katika bustani ya wanyama. Mwaka uliofuata bwana mmoja, Philip Henry Gosse, akatoa kitabu kilichoitwa The Aquarium, na Waingereza wakashikwa na wazimu wa kuweka samaki majumbani.

KASA

Sasa nafika pale nilipokuwa nakupeleka. Katika tangi kubwa, kati ya samaki na papa, alikuwa akizunguka kasa jike, mkubwa, wa ile aina yenye kichwa kinene. Jina lake Yoshi. Nilisimama. Wenzangu wakaenda kuona pengwini, mimi nikabaki.

Nilibaki kwa sababu ya kitu nilichokifanya nikiwa mtoto. Babangu alikuwa mvuvi wa jarife, kule Mayungu, kusini kidogo ya Malindi. Siku moja, nilikuwa na miaka minane au tisa, kasa alinaswa. Walimbeba watu wanne, wakamgeuza chali mchangani chini ya mkungu, akawekwa pale kutwa nzima akingojea mchinjaji aliyekuwa amekwenda mjini. Sisi watoto tulimkalia tumboni. Tulimchezea kama gari. Machozi yalikuwa yakimtoka, mazito, yakishika mchanga, na mdogo wangu akasema, "Analia." Mimi mkubwa wake nikamwambia kasa halii, akae sawasawa, gari linaondoka.

Basi nikiwa pale mbele ya tangi nilimkuta mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Bo-Kaap, aliyekuwa akijitolea kuwaeleza wageni. Alipotujua sisi ni watu wa Idi akatupa mkono na kututakia heri. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida tu, kasa hulia? Akaniambia yale si machozi ya huzuni. Kasa huishi kwenye maji ya chumvi, chumvi humzidi mwilini, kwa hiyo ana tezi nyuma ya macho zinazoitoa. Baharini huyaoni, nchi kavu ndipo yanapoonekana.

Nilitaka kufurahi. Kumbe nilisema kweli, halii! Lakini yule mama hakujua ninachokiwaza, akaendelea: akigeuzwa chali, uzito wa mwili wake mwenyewe huyakandamiza mapafu, na kupumua kwake kunakuwa taabu. Basi. Halii, lakini alikuwa akikosa pumzi, na juu yake tulikuwa watoto watatu.

Kisha akanisimulia habari za Yoshi. Aliletwa mwaka 1997 na merikebu ya uvuvi ya Wajapani, akiwa ana kilo mbili hivi na gamba lenye jeraha. Akalelewa pale mwaka baada ya mwaka. Na si yeye peke yake. Kila mwaka vitoto vya kasa vilivyoanguliwa kwenye fukwe za mashariki ya Afrika Kusini huchukuliwa na ule mkondo wa Agulhas, vingine vikatupwa kwenye maji ya baridi ya Cape vikiwa hoi. Watu wakiviokota hawatakiwi kuvirudisha majini, kwa kuwa baridi ndiyo iliyovizidi. Huviweka pakavu kwenye sanduku lenye matundu na kupiga simu. Baadhi yao hukutwa na vipande vya plastiki matumboni. Na isidhaniwe ni jambo lililopita: mwezi wa Aprili 2024, baada ya dhoruba kubwa, vitoto zaidi ya 500 viliokotwa kwenye fukwe zile.

SIMU YA USIKU ULE

Usiku nikampigia mdogo wangu. Yeye ndiye aliyerithi kazi ya babetu, mimi nikapelekwa shule. Nikamhadithia yote kwa shauku, tangi, mwani, Yoshi, chumvi ya machozi. Nikamalizia kwa kumwambia, "Mdogo wangu, tuache kula kasa. Na yale majarife yawekwe mbali na majani ya bahari, ndipo wanapolisha."

Alinyamaza, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Kaka, wewe wamuona kasa kwa tiketi. Mimi namuona kwa njaa."

Nikamjibu kwa maneno ya kitabu, kuwa ni mnyama anayelindwa na sheria, kuwa wanatoweka. Akasema, "Sheria naijua. Wewe wajua bei ya nyavu?" Sikuijua. Simu ikakatika, na kwa muda mrefu tukawa tunasalimiana tu kwa sababu ya mama.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka tufikiri pamoja, wala sitaki unionee huruma. Nani alikuwa na haki? Mimi niliyesimama mbele ya dirisha na kujua kila kitu, au yeye aliye ndani ya maji na hakuulizwa?

JE, SI JELA ILE?

Na kuna swali jingine ambalo yule wa Nairobi aliliuliza tukirudi. Akasema, yote mazuri, lakini si jela ile? Umemtoa mnyama baharini ukamzungusha ndani ya sanduku ili watu wale aiskrimu wakimtazama.

Sikuwa na jibu la haraka, na hata leo sina jibu moja. Kuna mambo yanayoumiza. Papa shilingi, yule papa mkubwa mpole mwenye madoa, ambaye wazee wetu husimulia kuwa alimwagiwa shilingi mgongoni, ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Akwariamu ya Georgia, kule Atlanta, Marekani, ilipofunguliwa Novemba 2005 iliwaweka papa shilingi waliotolewa Taiwan. Madume wawili kati yao walikufa mwaka 2007, mmoja Januari na mwingine Juni. Samaki anayesafiri maelfu ya kilomita, hata ukimjengea tangi kubwa vipi, kwake ni birika.

Kwa upande wa pili, mtoto wa mji asiyewahi kuiona bahari, atampenda vipi asichokijua? Na Yoshi je? Asingeokotwa angekufa na kilo zake mbili. Naona tofauti iko hapa: uliza yule mnyama amefikaje pale, na je, iko njia ya kurudi? Jumba ambalo mlango wake wafunguka pande zote mbili si sawa na jumba ambalo mlango wake ni wa kuingilia tu. Ukienda kokote, liwe Dubai, Cape Town au kwengineko, uliza maswali hayo mawili kabla hujatoa simu kupiga picha.

Na Yoshi alirudi. Tarehe 16 Desemba 2017, baada ya miaka 20, akiwa na kilo 183, walimpeleka baharini wakamwachia na kifaa cha setilaiti mgongoni. Akapanda na pwani ya magharibi hadi maji ya Angola. Watu wakadhani atakaa huko. Akageuka, akarudi kusini, akaizunguka ncha ya Afrika, akaingia Bahari ya Hindi na kuikata yote. Februari 2020 akafika pwani ya Australia. Kama kilomita 37,000, karibu na kuizunguka dunia. Aliyekuwa akizungushwa ndani ya tangi kwa miaka ishirini alikuwa hajasahau kitu.

JARIFE LA MDOGO WANGU

Nilikuwa nimesharudi nyumbani, niko kazini Mombasa, mwaka 2019, alfajiri moja simu ikalia. Mdogo wangu. Sikuzoea kupigiwa naye saa zile, moyo ukanishituka, nikadhani mama. Akasema, "Kaka, nimemnasa mwenzio."

Kasa alikuwa kwenye jarife lake, hai. Nikasikia mawimbi nyuma ya sauti yake na watu wakibishana. Mmoja alikuwa keshatoa bei. Akaniambia, "Niambie la kufanya, lakini jua kwanza: nyavu imeraruka vibaya."

Watu wa kuhifadhi kasa wako Watamu tangu mwaka 1997. Mvuvi akinasa kasa bila kukusudia huwapigia simu, nao huja wakampima, wakamvisha kibati chenye namba kwenye pezi, wakamwachia majini. Mvuvi hupewa kitu kidogo cha shukrani kwa muda wake. Kitu kidogo, si bei ya nyavu. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini safari hii sikuanza na hayo. Nikamuuliza, "Nyavu ni shilingi ngapi?"

Akanitajia. Nikanyamaza, kwa kuwa ilikuwa zaidi ya nilivyodhani, na mwezi ulikuwa katikati. Nikamwambia nitatuma nusu sasa hivi na nusu mwisho wa mwezi. Akasema, "Haya." Hakusema ahsante na wala sikuitaka. Nikatuma kwa M-Pesa nikiwa bado kitandani.

Baadaye alinieleza kuwa walipokuwa wakiwangojea wale wa Watamu, aliwakataza watoto kumgeuza yule kasa. Alimfunika kwa gunia lililoroweshwa. Mtoto wake wa kiume akamuuliza, "Baba, analia?" Naye akamwambia, "Hapana, ni chumvi tu hiyo. Lakini usimkalie."

Nilikuwa nimedhani simu ile ya 2016 ilipotea bure. Kumbe maneno aliyasikia yote. Kilichokuwa kimebaki ni mimi kulisikia lake.

BASI TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia muende Cape Town. Nauli yake najua, na Dubai vilevile. Mwenye kwenda kwa kazi au masomo na aende akaone, na nitampa mawaidha machache ya mtu aliyekosea mara ya kwanza.

Nenda asubuhi mapema, mlango unapofunguliwa, kabla ya msongamano. Usigonge kioo, na uzime taa ya kamera; samaki hawana pa kukimbilia. Usikimbie matangi thelathini kwa saa moja kama mtu anayehesabu gari barabarani. Chagua matatu, ukae mbele ya kila moja dakika ishirini. Dakika tano za mwanzo huoni kitu, baada ya hapo ndipo wanapoanza kutoka. Ulizia saa ya kulishwa. Waulize wahudumu, kwani wengi wamekaa kwa shauku ya kuulizwa. Na kumbuka maji huongopa: samaki huonekana karibu zaidi na mkubwa zaidi kuliko alivyo.

Lakini kwa sisi tulio hapa, akwariamu iko mlangoni na haina dari. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa tangu mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo Afrika nzima. Kisite, upande wa Shimoni, ikafuata miaka ya 1970. Raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Hata samaki aliyedhaniwa na wataalamu kuwa alitoweka miaka milioni 65 iliyopita, silakanti, yule aliyewashangaza walipomkuta Afrika Kusini mwaka 1938, mmoja wake alivuliwa mbele ya Malindi mwaka 2001. Mbele ya Malindi, nasema! Na sisi tuko ufuoni twagombania kivuli cha kupigia picha.

Kwa hiyo pendekezo langu la matembezi ya Idi ni hili. Tukodi matatu kama kawaida, na biriani iwepo, sina ugomvi nayo. Lakini twende mahali penye hifadhi, maji yakiwa yamekupwa, kwa mashua yenye majaketi ya kuokolea kwa kila mmoja. Mashua ya dada zetu iwe na utaratibu wao, ili asibaki mtu ufuoni kulinda viatu. Asiyejua kuogelea aanze kujifunza mwezi huu unaokuja. Ni aibu yetu sote, si yake peke yake. Miwani ya maji si lazima iwe ya kila mtu, kumi zatosha kupokezana.

Na la mwisho. Tuwaalike wavuvi wawili au watatu, watu wazima, tuwape nafasi ya kuzungumza kabla ya chakula. Tusiwaelimishe. Tuwaulize. Tuwaulize bei ya nyavu. Na tuwe tumechanga kitu kabla ya kuuliza.

Juzi mpwa wangu, yule mtoto wa Mayungu, aliniuliza kasa wao yuko wapi sasa. Nikamwambia yule wa Cape Town alikuwa na kifaa cha setilaiti, wenu alipata kibati tu, kwa hiyo hajulikani alipo. Akafikiri, kisha akasema, "Basi nikimuona nitasoma namba yake."

Kwa hiyo amejipangia kumtafuta. Nami nimemwahidi miwani ya maji.